Haibridi ya kuchaji safarini: hesabu ya Dar hadi Lushoto

Mtu anayefikiria kununua gari la haibridi ya kuchaji, yaani lenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichomeka kwenye umeme, huwa na swali linalomsumbua kuliko hata bei: nikisafiri mkoani, nitachajia wapi njiani? Ni swali la haki. Gari lina mlango wa kuchaji, lina waya kwenye buti, na vituo vya kuchaji magari kwenye barabara zetu kuu ni vya kutafuta. Jibu langu huwashangaza wengi: njiani usichaji. Chajia pale utakapolala. Katikati, kanyaga mafuta kama madereva wengine, wala usihisi kwamba umelinyima gari haki yake. Jibu hilo halitokani na uhaba wa vituo. Hata kama kila sheli ya barabara ya kaskazini ingekuwa na mashine ya kuchaji, ningejibu vivyo hivyo, na sababu yake ni hesabu.

Nitatumia gari moja na safari moja ili hesabu isielee hewani. Gari ni Mitsubishi Outlander PHEV ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2013 na ambayo sasa hutufikia kwa meli ikiwa imeshatumika. Safari ni Dar es Salaam hadi Lushoto. Nimeichagua kwa kuwa ina kila kitu: foleni ya mjini, barabara ndefu ya tambarare, na mwishoni mlima wa kweli.

Kwanza tuliweke gari mahali pake. Toyota Aqua, ambayo kila mtu anaijua, ina betri ndogo isiyofika uniti 1 ya umeme, na haichomekwi popote. Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na uniti 24 na hazina injini kabisa; chaji ikiisha, unavutwa. Outlander hii iko katikati: betri ya uniti 12, injini ya petroli ya lita 2.0, mota moja ya umeme mbele na nyingine nyuma, na tangi la lita 45. Uniti ninazozungumzia ni zilezile za Luku.

Katika uniti hizo 12, gari halikuruhusu kuzitumia zote. Hubakisha akiba ya chini ili betri isidhurike, na ndiyo maana kipimo kikionyesha sifuri mota zinaendelea kusaidia wakati wa kuondoka na kupanda. Unazoweza kutumia hasa ni 9 hadi 10. Kwa mwendo wa barabara kuu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hizo zinakupeleka kilomita kama 35. Gari la miaka minane au kumi litakupa pungufu, kwa sababu betri huchakaa, na usishangae kukuta robo nzima ya uwezo wake imeshaondoka.

Baada ya kilomita hizo, gari linageuka kuwa haibridi ya kawaida. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wanaona alama ya betri tupu, wanakumbuka simu inavyozima, wanaingiwa na wasiwasi. Hakuna kinachozima. Injini inawaka, inazungusha jenereta, na ukivuka mwendo wa kilomita kama 65 kwa saa inaweza kujiunga moja kwa moja na magurudumu ya mbele. Utapata takriban kilomita 13 kwa lita, kutegemea mguu wako na mzigo. Tangi likijaa, hizo ni zaidi ya kilomita 550.

Bei ya kusubiri

Sasa tuseme umefika Chalinze, betri imeisha, na mwenye mgahawa anakuruhusu kuchomeka kwenye soketi yake. Kutoka soketi ya kawaida, waya mzuri huvuta ampea 10. Zidisha kwa volti 230 unapata kilowati 2.3. Ili betri ijae unahitaji kununua takriban uniti 11, kwa sababu kiasi fulani hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Gawanya 11 kwa 2.3: saa tano kasoro kidogo.

Uniti 11 kwa bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO, takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 3,900. Kilomita 35 hizohizo kwa petroli zinataka lita 2.7. Bei ya mafuta hubadilika kila EWURA inapotangaza, kwa hiyo tuchukulie shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: shilingi 8,100. Umeokoa shilingi 4,200.

Kwa saa tano za kukaa Chalinze.

Chaji hiyohiyo ukiifanya usiku, gari limeegeshwa na wewe umelala, saa zako tano hazikugharimu kitu na shilingi 4,200 ni zako. Umeme ni uleule na gari ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba usiku gari lingesimama hata hivyo. Ndiyo maana nasema hesabu ya kuchaji safarini ni hesabu ya muda. Tafuta saa ambazo gari litasimama kwa sababu zake lenyewe, kama kulala, arusi, mkutano wa kutwa au kutembelea wazazi, kisha uzijaze umeme. Saa unayoitoa mfukoni mwako ili gari linywe umeme ni hasara karibu kila mara.

Tuangalie pia safari nzima. Hadi Lushoto ni kilomita zaidi ya 350, sawa na lita kama 28. Chaji moja iliyojaa inafuta lita zisizofika 3, yaani moja ya kumi. Kwenye mizunguko ya mjini, mtu wa Tabata anayekwenda Posta na kurudi anaweza kumaliza wiki bila kugusa petroli. Gari hili linaokoa fedha Jumatatu hadi Ijumaa. Safarini ni haibridi nzuri tu, na anayelinunua kwa ajili ya safari ndefu peke yake amenunua kilo nyingi za betri za kubeba bure.

Kwa nini mashine kubwa haisaidii

Wapo wanaosema: basi nitafute kituo chenye nguvu. Mjini unaweza kukutana na nguzo ya kuchajia iliyoandikwa kilowati 22, ukadhani betri itajaa kwa nusu saa. Haitajaa. Nguzo ya namna hiyo inatoa umeme mkondo geu, uleule wa nyumbani, na betri haiupokei hivyo ulivyo. Lazima ugeuzwe kuwa mkondo mnyoofu, na kifaa cha kuugeuza kimo ndani ya gari. Cha Outlander hii kina uwezo wa kilowati 3 na ushei. Nguzo iwe ya 7, ya 11 au ya 22, gari litachukua kilowati zake tatu na kitu, na litajaa kwa karibu saa nne. Hata Toyota RAV4 ya kuchaji, yenye betri kubwa ya uniti 18.1, ilitoka kiwandani ikiwa na kifaa cha kilowati 3.3, na 6.6 kwa matoleo ya juu.

Outlander ina njia ya pili ambayo haibridi nyingi hazina: mlango wa CHAdeMO, mfumo wa Kijapani wa chaji ya haraka, ambapo mashine ya nje hugeuza umeme na kuuingiza moja kwa moja kwenye betri. Kwa njia hiyo asilimia 80 hupatikana ndani ya nusu saa. Inavutia, lakini angalia ulichopata: kilomita kama 28. Nusu saa ya kusimama, na dakika 20 baadaye uko tena kwenye petroli. Mwenye Leaf akifika nyuma yako kwenye mashine hiyo, yeye hana tangi la petroli la kumwokoa, wewe unalo. Naamini kabisa kwamba dereva wa haibridi anapaswa kumpisha mwenye gari la umeme tupu.

Halafu kuna kitufe cha Charge karibu na gia. Ukikibonyeza, injini inachaji betri gari likiwa linatembea, na wengi hufurahi wakidhani wamepata umeme wa bure. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti kama 9, lakini injini nzuri hutoa theluthi tu ya hiyo kama kazi. Iliyobaki inaondoka kama joto. Unabaki na uniti 3 kwa lita, na kabla hazijafika kwenye magurudumu zinapita kwenye jenereta, betri na mota, na kila kituo kinakata ushuru wake. Kujaza betri kwa injini kutakula lita zaidi ya 3, kisha umeme huo ukupeleke kilomita 35 ambazo petroli yenyewe ingekupeleka kwa lita 2.7. Kitufe hicho kina matumizi yake, kwa mfano unakwenda kulala kambini na unataka umeme wa taa bila kuwasha injini usiku. (Magari mengi ya soko la Japani yana soketi ya wati 1,500 ndani, ila ni ya volti 100, jagi lako la umeme la volti 230 halitachemsha chai humo.) Kwa kusafiria, kiache.

Kitufe cha jirani yake, Save, ndicho cha kukijua vizuri. Hicho hakijazi betri. Kinaliambia gari: kiwango kilichopo sasa kitunze, endesha kwa injini.

Umeme uutumie wapi

Unatoka Dar alfajiri, betri imejaa kutoka nyumbani. Una uniti 9 na nusu na safari ndefu mbele yako. Swali sahihi ni hili: ni wapi injini ya petroli inafanya kazi vibaya zaidi? Hapo ndipo utumie umeme.

Wengi hujibu mlimani, kwa sababu wanasikia injini inavyolalama. Kumbe injini inayobeba mzigo mzito iko karibu na hali yake nzuri. Inakula mafuta mengi lakini inayageuza kuwa kazi bila upotevu mkubwa. Inapoharibu mafuta ni kwenye foleni: kusimama, kusogea mita tano, kusimama tena. Mota ya umeme ikisimama haili chochote zaidi ya kiyoyozi na redio. Kutoka Ubungo, Kimara, Mbezi hadi Kibaha ni kilomita kama 30, na kipande hicho kingemaliza betri karibu yote. Tumia umeme hapo, kwa moyo mweupe.

Karibu yote, nimesema. Ningebakiza theluthi, nayo si kwa ajili ya kuokoa mafuta. Ni kwa ajili ya nguvu. Betri ikibaki theluthi, hata kama hujafika Kibaha, bonyeza Save na uendelee. Ukipita njia ya Bagamoyo hadi Msata badala ya Chalinze, kanuni ni ileile: umeme uishie pale foleni inapoishia. Kuanzia hapo ni tambarare na mabonde madogo, Wami, Mkata, Segera, Korogwe, na vijiji vya kilomita 50 kwa saa ambako trafiki wamekaa na tochi zao. Gari lenyewe litachanganya injini na mota. Huna la kuamua kwa saa tatu au nne.

Mombo ndipo unapotoka kwenye lami ya Arusha na kuanza kupanda Usambara. Kilomita 33 kupitia Soni, na unapanda karibu mita 1,000. Kuinua gari lenye uzito wa kilo 2,100 pamoja na abiria na mizigo kwa mita 1,000 kunahitaji uniti 5.7, hata kama barabara ingekuwa laini kama kioo. Ongeza msuguano wa matairi, hewa na upotevu wa ndani, unafika takriban 9. Betri nzima, kwa kilomita 33 tu! Ndiyo maana anayetegemea kupanda kwa umeme mtupu hukatishwa tamaa.

Lakini zile uniti 3 ulizobakiza zina kazi. Kwenye kona za Soni unakwenda kilomita 30 au 40 kwa saa, chini ya ule mwendo wa 65 unaoiruhusu injini kushika magurudumu. Gari linasukumwa na mota peke yake, na injini inabaki kuwa jenereta. Betri ikiwa tupu, kila nguvu unayoiomba lazima injini iitengeneze papo hapo, basi inanguruma kwa sauti ya juu isiyolingana na mwendo, na ukitaka kulipita lori lililobeba mbogamboga unahisi gari linasita. Betri ikiwa na akiba, mota zinapata umeme kutoka pande mbili. Zima Save ukianza kupanda na uiache akiba hiyo ifanye kazi. Kama umesahau na betri ni tupu, gari litapanda vilevile. Ngurumo hiyo si ugonjwa.

Kuna jambo la kinyume kwenye kurudi. Umelala Lushoto, umechaji usiku kucha, asubuhi betri ni asilimia 100, na unaanza kushuka. Hapo umepoteza. Wakati wa kushuka mota hugeuka jenereta: zinalishika gari na kuzalisha umeme, na kwenye Outlander unachagua ukali wa kushika huko kwa vishikio vya nyuma ya usukani, kutoka B0 hadi B5. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme huo. Gari linapunguza mshiko, na kazi inabaki kwa breki za kawaida, kwenye mteremko wa kona na maporomoko. Kati ya zile uniti 5.7 za mlima, ukitoa zinazoliwa na matairi, hewa na upotevu, zaidi ya 2 zinaweza kurudi kwenye betri kabla hujafika Mombo. Kwa hiyo ukilala juu ya mlima, chaji hadi asilimia 70 hivi. Kwa soketi ya ampea 10 hizo ni saa tatu na nusu. Utashuka kwa usalama zaidi, na utafika chini na umeme ambao hukuulipia.

Soketi ya nyumba ya wageni

Haya yote yanategemea soketi moja ukutani, na hapa naomba msomaji awe makini, kwa sababu hesabu mbaya ya mafuta inakula fedha tu, soketi mbovu inaunguza nyumba.

Omba kwanza. Mwambie mwenyeji wazi kwamba gari litakula uniti kama 8 hadi 11, na lipia. Wenyeji wengi hawana shida na umeme wenyewe, wana shida na kushtukizwa Luku imeisha saa nane za usiku.

Plagi yetu ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, lakini haikukusudiwa kubeba ampea 13 kwa saa tano mfululizo. Ampea 10 ndiyo mwisho. Waya ukiwa na kitufe cha kupunguza, chagua 8. Epuka ekstensheni. Ikibidi, iwe ya nyaya nene za milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote, maana waya uliozungushwa kwenye kibiringita hushika joto hadi plastiki ikayeyuka. Baada ya nusu saa, rudi uguse plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa inachoma kiganja, chomoa, usiku huo hakuna kuchaji. Hali kadhalika umeme ukikatika na jenereta ikawashwa: chomoa, usimlipishe mwenyeji dizeli yake kwa ajili ya gari lenye petroli tangini.

Kile kisanduku kilicho katikati ya waya si pambo. Kinawasiliana na gari kwa ishara inayosema ni ampea ngapi zinaruhusiwa, kinachunguza kama kuna umeme unaovuja, na vingi hukagua kama soketi ina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kikiwasha taa nyekundu Lushoto wakati nyumbani kinafanya kazi, huenda kosa si la gari: jengo halina ethi. Kuna mafundi wanaojua kukidanganya kisanduku. Usikubali. Mwili wa gari ni chuma, limeegeshwa kwenye majani yenye umande, na watoto wanalipita.

Mwisho ni waya wenyewe, jambo la kulimaliza kabla gari halijapanda meli. Outlander za soko la Japani zilikuja na waya wa volti 200 wenye plagi ya kule. Kukata plagi hiyo na kufunga yetu ni kukilazimisha kisanduku kupokea volti 230 ambazo hakikuandikiwa. Gari lenyewe halina tatizo na volti hizo, kwani Outlander hiyohiyo iliuzwa Uingereza kwenye umeme kama wetu. Kinachotakiwa ni waya uliotengenezwa kwa volti 230, wenye kichwa cha Type 1 cha matundu matano. Kwa nguzo za mjini, ambazo nyingi ni za Type 2, utahitaji waya wa pili wa Type 2 upande mmoja na Type 1 upande wa pili. Mwombe muuzaji picha ya buti ikiwa wazi, picha ya maandishi ya kisanduku, na picha ya kipimo cha betri baada ya kuchaji kikamilifu. Akishindwa kukupa ya kwanza, weka gharama ya waya mpya kwenye bei unayopatana naye.